Alama ya Pasi

Saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu, Muhiba alikuwa amekwisha kupangusa kitanda kwa spiriti na kutandika shuka ya karatasi. Sasa alikuwa akikifuta kichwa cha mashine ya leza kwa kitambaa laini, taratibu, kama mtu anayefuta miwani ya mzazi wake. Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la saruji na mabati, upande ule wa Komarock unaotazama barabara ya Kangundo. Chini wapakiaji walikuwa wakirusha nondo kwenye pikapu, na kila nondo ilipotua, maji yaliyokuwa kwenye glasi mezani yalitikisika. Mteja wa kwanza aliandikiwa saa nne. Alikuwa msichana wa chuo mwenye madoa ya chunusi mashavuni, na hicho kilikuwa kipindi chake cha tatu.

Mashine yenyewe ilikuwa nyeupe, kimo cha friji ndogo, yenye mkono mrefu na pedali ya kukanyaga. Madam Vivian, mwenye kliniki, aliinunua ikiwa imekwisha kutumika kwingine. Siku alipomwajiri Muhiba, miaka mitatu iliyopita, alimweleza mambo yake bila kuficha.

"Zile za hospitali kubwa zinafuta," alisema. "Hii haifuti. Hii inahamisha."

"Inahamishia wapi?"

"Kwa mwenye kuushika mkono."

Muhiba aliusoma mkataba ukurasa kwa ukurasa. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa katika kifungu cha tisa, baada ya siku za likizo na kabla ya sare za kazi. Alikuwa na cheti cha utunzaji wa ngozi, alikuwa amekaa miezi kumi na minne bila kazi, na mama yake alikuwa na presha. Akatia sahihi.

Alama hazikuja papo hapo. Mteja alishuka kitandani uso ukiwa umemwiva, akaambiwa asikae juani na asijikune, akaenda zake. Ilipofika magharibi, Muhiba alihisi mwasho mdogo, kama wa sisimizi anayekatiza ngozini, na baada ya hapo alama ilikuwa yake. Zilianzia mgongoni, kisha tumboni, kisha mapajani, mahali ambapo nguo inafika. Hakuziomba zifanye hivyo. Alidhani ni adabu yao.

Aliishi mtaa wa Huruma na mama yake, Bi Khawla, katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya nne. Bi Khawla alizaliwa Pumwani na alijua mgeni anavyopokewa. Kila jioni alimkalisha binti yake kwenye kigoda, akampaka mafuta ya nazi mgongoni, na kuuliza, "Leo umekuja na nani?"

Muhiba alimwambia, kwa sababu alijua. Kila alama ilifika na habari zake. Baka la mwanamke wa soko la vitunguu lilikuja na jua la saa saba na harufu ya gunia lililolowa. Weusi wa mashavu ya karani mmoja wa benki, aliyejipaka krimu za kujichubua hadi ngozi ikamgeuka, ulikuja na sauti ya mwanamume ikisema kwamba mtu wa kukaa kaunta ya mbele anapaswa kung'aa. Doa la ujauzito lilikuja na jina la mtoto ambaye hakuzaliwa. Bi Khawla alizisikiliza habari hizo huku mkono wake ukizunguka, na baadhi ya alama alizifahamu kwa vidole kama anavyofahamu nyuso za majirani. Mara moja alijitolea kwenda kuushika mkono wa mashine yeye mwenyewe, japo apunguze.

"Mama, wewe una presha," Muhiba alisema, na mazungumzo hayo yakaishia hapo.

Kulikuwa na mwanamume aliyekuja na posa, Idarusi, fundi wa saa pale Eastleigh, mpole sana. Alielezwa yote. Alifikiri wiki mbili, kisha akamtuma shangazi yake aseme kwamba hana tatizo lolote na Muhiba, ila hajui ataweza vipi kupata usingizi katikati ya watu wengi kiasi hicho. Hakuna aliyemlaumu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Mwalimu Roseline alipandishwa ngazi za kliniki na mumewe.

Mume aliitwa Sylvance Otiende, karani kwenye karakana ya reli na mzee wa kanisa. Alimbebea mkewe mkoba ili apande bila mzigo. Alimfungulia mlango. Fomu ilipoletwa, aliijaza yeye, kwa kuwa Roseline alikuwa amesahau miwani nyumbani, na mahali palipoandikwa *Chanzo cha alama* akaandika kwa mwandiko mzuri wa mlalo: *Ajali nyumbani.* Kisha akaketi kwenye benchi la wageni na kufungua gazeti.

Roseline alikuwa mwanamke wa miaka arubaini hivi, anafundisha darasa la nne karibu na kwao, mtaa wa Tena. Alipolala kitandani na kufungua kitambaa cha shingoni, Muhiba aliona alama nyeusi, ya pembetatu, iliyoanza chini ya sikio la kushoto na kuishia ncha yake karibu na kidevu. Katikati ya weusi kulikuwa na vidoa vitatu vya ngozi safi, vya duara, vilivyopangika sawasawa.

Muhiba alimfunika macho, akampaka jeli baridi na kukanyaga pedali. Mwanga ulipiga, tap, tap, tap, kama mpira mwembamba unaovutwa na kuachiliwa juu ya ngozi. Wateja wengi hushtuka mara ya kwanza. Roseline hakutikisika hata kope.

"Ukiumia uniambie, Mwalimu."

"Endelea tu."

Walipoondoka, Madam Vivian alijaza kadi ya mteja: alama imeondoka yote, mteja ameridhika. Akagonga muhuri.

Magharibi ilimkuta Muhiba kwenye ngazi za nyumba yao, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mkononi ana sukuma wiki. Mwasho uliomjia haukuwa wa sisimizi. Mgongo ulikuwa umejaa, tumbo limejaa, mikono imejaa hadi viwikoni, kwa hiyo alama hii ilikaa mahali palipobaki, palepale ilipokuwa kwa mwenyewe. Muhiba aliketi kwenye kidato. Aliona meza ya kupigia pasi na shati jeupe. Aliona kola imeungua kidogo, alama ya rangi ya chai. Redio ilikuwa ikipiga kwaya ya Jumapili. Sauti ya Otiende ilisema, bila haraka, ile sauti aliyomwombea nayo mkewe glasi ya maji pale kliniki, "Tulia hivyo hivyo. Nataka tu ujue kola imesikiaje."

Maumivu yalikuja mara moja, yakapita. Jirani mmoja alimruka na ndoo ya maji, akasema samahani.

Bi Khawla alipomwona hakuuliza kama kawaida. Aliusogeza uso wa binti yake kwenye mwanga wa dirisha, akavihesabu vile vidoa vitatu.

"Hayo ni matundu ya mvuke," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mwanamke mwenyewe anaitwa nani?"

"Mwalimu Roseline."

Bi Khawla alimpaka mafuta polepole, kwa kidole kimoja, akatamka jina hilo mara mbili ili alishike.

Tangu siku hiyo wanawake wa ghorofa nzima walimpa Muhiba pole. Mmoja alileta chapati na kuchungulia nyuma ya mlango kama kuna mwanamume. Mwingine alimpa namba ya simu ya watu wanaosaidia wake wanaopigwa. Muhiba aliwaeleza kwamba hana mume na kwamba alama si yake, nao wakaitikia kwa kichwa kwa huruma, kwa sababu kila mwanamke anayepigwa huwa na neno la kusema.

Mwezi wa nne Roseline alirudi na michirizi kwenye mkono, kama ya waya wa stima. Mwezi wa saba alirudi na kitu mgongoni. Kila mara Otiende alibeba mkoba, akajaza fomu na kusoma gazeti. Kila mara, magharibi, Muhiba alikaa chini popote alipokuwa na kusubiri apitishwe katika nyumba ile ya Tena, chumba baada ya chumba, hadi akawa anajua makabati yanafungukia upande gani.

Siku ile ya mwezi wa saba Otiende alishuka chini kupokea simu. Roseline alikuwa amelala kifudifudi. Akasema, uso ukiwa ndani ya mto, "Dada, zikifika kwako zinauma?"

"Mara moja tu. Halafu zinakaa."

"Samahani."

"Si wewe wa kuomba samahani." Muhiba alipunguza mwanga. "Najua ni pasi, Mwalimu. Najua habari ya kola."

Roseline hakushangaa. Akauliza, "Na redio, uliisikia?"

"Niliisikia. Kwaya. Wanawake watupu."

"Basi ilikuwa kweli," Roseline alisema. Akashusha pumzi ndefu. "Alama zikiisha usoni, mimi hubaki nadhani nimeota. Anavyoongea na watu vizuri, hata mimi naanza kumwamini."

Hatua za Otiende zilisikika ngazini, na Muhiba akaongeza mwanga tena.

Jumamosi yake Muhiba alikwenda kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia. Afisa wa zamu alikuwa Afande Wanja, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyemvutia kiti na kummiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Muhiba alieleza tangu mwanzo: mashine, kifungu cha tisa, pasi, kola. Afande Wanja aliandika yote.

"Za kuhamia," alisema alipomaliza. "Hizi ndizo zinatusumbua. Zile zingine ni rahisi." Akachomoa fomu ya P3 na kuigeuza ili Muhiba aione. "Hapa nataka jina la aliyeumizwa. Hapa daktari anaandika jeraha liko sehemu gani ya mwili wa huyo aliyeumizwa. Unaona shida yangu?"

"Naona."

"Aliyeumizwa hana jeraha. Mwenye jeraha hakuumizwa. Huyo bwana amewahi kukugusa?"

"Hapana. Huniamkia tu."

"Nikiipeleka hivi kortini, wakili wake atasema wewe ndiye umepatikana na mali ya mtu." Afande Wanja alifunika kalamu. Hakuwa akifanya mzaha. "Mlete mwenyewe, Muhiba. Na alama yake iwe juu yake. Hapo nitakusaidia kwa moyo wote."

Muhiba alikaa na jambo hilo kichwani wiki nzima. Mashine ilihamishia kwa mwenye kuushika mkono. Mkataba ulikataza mtu mwingine kuushika, lakini haukusema mashine itakataa.

Alimngoja Roseline nje ya shule saa kumi jioni, siku ya Jumatano, akamweleza wakiwa wamesimama kando ya ukuta. Watoto waliovaa sweta za kijani walipita wakimwamkia mwalimu wao, naye akawaitikia mmoja mmoja kwa majina. Alipomaliza kuitikia, alimtazama Muhiba tayani, pale penye pembetatu. Alinyoosha kidole, akagusa tundu la katikati.

"Itaniuma tena?"

"Hiyo sijui. Sijawahi kuirudisha."

"Kesho ana mkutano karakana mpaka saa moja," Roseline alisema. "Nitaaga shuleni kwamba naenda kliniki. Na si uongo."

Alhamisi, Madam Vivian alipokwenda benki, Muhiba ndiye aliyelala kwenye shuka ya karatasi. Mwanga wa dari ulimshangaza kwa ukali wake. Hakuwahi kuuona kutoka upande huo. Roseline alivaa miwani ya kinga, akaushika mkono wa mashine kwa mikono miwili kama anayeshika chaki ndefu ya kuchorea jiometria, na Muhiba akamwelekeza aanzie ukingoni. Tap, tap, tap. Roseline alifanya kazi safi. Alifuata mstari, hakuruka mahali, na alipofika kwenye yale matundu aliyazunguka moja moja.

"Mkono wako umetulia," Muhiba alimwambia.

"Nasahihisha madaftari sitini kila siku."

Saa kumi na mbili na dakika arubaini jioni hiyo, akiwa jikoni Huruma, Muhiba alihisi taya lake limekuwa jepesi. Alijipapasa. Mama yake aliyekuwa akichambua mchele aliinua macho, akaona, akarudi kwenye mchele.

"Mwalimu ameenda," alisema Bi Khawla. Sauti yake ilikuwa na ukiwa kidogo.

Ijumaa asubuhi Roseline alikuwa kwenye lango la kituo kabla ya Muhiba. Alikuwa amevaa suti yake ya siku za wazazi na hakufunga kitambaa shingoni. Alama ilikuwa juu yake, nyeusi, pembetatu, matundu matatu. Afande Wanja alipoiona alitingisha kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeletewa hati iliyokuwa inakosekana. Alimpa namba ya OB, kitabu cha matukio, akampeleka kwa daktari wa serikali, akarudi naye, akamtuma askari na pikipiki akamlete Otiende.

Otiende alikuja na tai. Aliwaamkia wote, Afande Wanja kwanza, kisha Muhiba, kisha mkewe, akamuuliza kama amekunywa chai. Alisomewa shitaka akiwa amesimama, mikono imekutana mbele. Aliposomewa lote alitoa pochi, na ndani yake kadi ya kliniki yenye muhuri.

"Mimi si mtu wa mabishano, Afande," alisema. "Mke wangu alipata ajali mwezi wa pili. Mwezi wa tatu nikampeleka akatibiwa. Hapa wameandika, alama imeondoka yote. Sasa hii ya leo mimi naiona kama mnavyoiona ninyi. Ni ngeni kwangu."

Afande Wanja aliichukua fomu ya P3 na kuangalia kile alichoandika daktari. Daktari alikuwa mtu makini. Kwenye mstari wa umri wa jeraha alikuwa ameandika: *saa kumi na tano*.

Afande Wanja alihesabu kwa vidole, chini ya meza. "Jana saa kumi na mbili jioni ulikuwa wapi, Bwana Otiende?"

"Karakana. Mkutano. Tulikuwa watu ishirini na wawili, na kumbukumbu zimeandikwa. Nilizisoma mimi mwenyewe."

"Za kuhamia hufika magharibi. Mwalimu, jana mchana ulikuwa na nani?"

Roseline aliangalia dirishani. Nje mahabusu wawili walikuwa wakifagia uwanja.

"Nilikuwa kliniki," alisema.

"Na nani?"

"Na Muhiba."

"Nani mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Afande Wanja alishika kalamu juu ya karatasi na kuiacha hapo. Alikuwa ameijaza fomu hii mara mia na alijua kila kisanduku kinataka nini. "Jeraha lipo," alisema polepole. "Aliyeumizwa yupo, na daktari ameshuhudia. Nikiendelea na faili hili, Mwalimu, jina litakaloingia hapa la mshukiwa ni la huyu dada. Siwezi kuandika lingine. Na leo ni Ijumaa, kwa hiyo atalala ndani hadi Jumatatu."

Muhiba alisema, "Andika."

"Usiandike," alisema Roseline.

"Mwalimu, mimi nitajieleza Jumatatu."

"Utajielezaje? Umejieleza kwa majirani zako wakakuletea chapati." Roseline alisimama, akanyoosha koti la suti. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, ya kufunga kipindi. "Afande, naomba uniandikie kwamba nimebadilisha mawazo."

Otiende alimshukuru afande kwa muda wake. Akamchukulia mkewe mkoba. Walipofika langoni aligeuka na kumuuliza Muhiba kama anahitaji kusogezwa, kwa kuwa gari la kazini lingepitia barabara ya Outering na nafasi ilikuwapo. Muhiba alisema atatembea. Alitembea kutoka pale hadi Huruma bila kusimama popote, upepo ukimpiga upande wa taya kwa namna aliyokuwa ameisahau.

Jumatatu aliandika barua ya kuacha kazi. Madam Vivian aliisoma hadi mwisho, akamwomba aketi, akafungua kabati na kutoa mkataba.

"Sikukatazi, my dear. Lakini soma kumi na mbili."

Kifungu cha kumi na mbili kilisema kwamba mfanyakazi anayeondoka atarudisha kwanza kila alama kwa mwenyewe, kwa kuwa alama alizonazo ni za wateja na kliniki ilizipokea kwa dhamana. Muhiba aliwahi kukisoma kifungu hicho. Wakati ule hakuwa na alama hata moja, na alikipita kama mtu anavyopita karibu na kaburi la ukoo mwingine.

Alichukua daftari la wateja na simu ya mezani. Kulikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili. Yule karani wa benki alikata simu aliposikia jina la kliniki. Mwanamke wa vitunguu alicheka vizuri tu, akasema aliolewa baada ya baka kutoka na mume hajui habari zake. Msichana wa chuo aliuliza kama kuna sheria inayomlazimisha. Namba nyingi hazikupatikana. Kwa mwenye doa la ujauzito Muhiba alisikia kwanza maji yakichemka, kisha mwanamke akasema, "Bado anakaa na jina?" Muhiba akasema ndiyo. "Basi mwache huko. Huko anatajwa." Hadi saa kumi na moja jioni alikuwa amepiga simu sitini na tatu na hakuna aliyekubali kuja.

Madam Vivian hakumsimanga. Aliichukua barua ya kuacha kazi, akaitoboa matundu na kuiweka kwenye faili lake, kwa kumbukumbu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Otiende alikuja na malalamiko, kwa upole. Alama waliyoambiwa imeondoka ilikuwa imerudi, na nyuma ya kadi kliniki ilikuwa imeahidi kwamba ikirudi ndani ya mwaka mmoja itatolewa upya. Madam Vivian aliona aibu. Aliomba radhi mara tatu, akaagiza soda, akamwita Muhiba.

Roseline alipanda kitandani kwa hatua mbili badala ya moja, akishikilia ubavu. Muhiba aliona na akasogeza mto ili alalie upande mwingine. Hawakusemezana, kwa sababu mlango uliachwa wazi nusu na benchi lilikuwa karibu. Muhiba alimpaka jeli. Kabla ya kumfunika macho, Roseline alimshika kiganja, akakikandamiza mara moja, akakiachilia. Kisha akatulia kama anavyotulia siku zote, na mwanga ukapiga, tap, tap, tap, kuanzia ukingoni, ukizunguka matundu moja moja kama Roseline mwenyewe alivyofanya.

Ilipokwisha, Muhiba alimfuta jeli na kumpa kioo. Roseline alikitazama kwa adabu na kukirudisha.

Nje, Otiende alikuwa amekunja gazeti. Alimsifu Muhiba kwa kazi nzuri. Alisema sasa ni mwezi wa nane, na mwisho wa mwaka haupo mbali. Nyumba hujaa wageni, watu wanatoka nyumbani Siaya, ndugu wanalala hadi sebuleni, mambo yanakuwa mengi na mtu anachoka. Aliuliza kama kliniki hufungwa Krismasi.

"Tunafunga siku mbili tu," alisema Madam Vivian. "Tunafungua tarehe ishirini na saba."

"Basi tuwekee ishirini na saba. Asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu."

Madam Vivian alimsogezea Muhiba daftari la miadi. Muhiba aliandika tarehe, akaandika saa tatu, akaandika *Bi. Roseline Otiende*. Kulikuwa na safu moja iliyobaki.

"Ni sehemu gani ya mwili?" Madam Vivian aliuliza. "Huwa tunaandika mapema, tujue kichwa gani cha mashine tutatumia."

Otiende alimgeukia mkewe, akamtazama kwa makini kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Roseline alikuwa akifunga kitambaa shingoni.

"Acha hapo wazi," Otiende alisema. "Tutajaza tukija."

Muhiba akaacha hapo wazi. Akafunga daftari, akaingia ndani kubadilisha shuka ya karatasi.